Kinoo cha Kale Kikikataa Kutoa Makali ya Kunyolea: Dalili, Sababu na Vipimo

Malalamiko kuhusu vinoo vya kale vya nyembe za kukunja hujirudia. Jiwe linateleza tu na wembe haubadiliki. Wembe unakata nywele za mkononi vizuri lakini unachoma shavu. Mikwaruzo inatokea kwenye chuma isikotarajiwa. Au jiwe lililouzwa kwa jina kubwa linashindwa na jiwe lisilo na jina kabisa.

Mara nyingi jiwe lenyewe halina kosa. Kosa liko kwenye mafuta yaliyoganda usoni mwake, kwenye uso uliobonyea, au kwenye wembe uliopelekwa jiwe la mwisho kabla haujawa tayari. Ndiyo maana rangi, lebo na bei havitoshi kuamua ubora wa kinoo. Kinoo huamuliwa kikiwa kimesafishwa na kusawazishwa, tena kwa wembe ambao hali yake unaijua. Vinginevyo unapima uchafu wa miaka mingi, hupimi jiwe.

Istilahi chache kwanza. Mgongo ni upande mnene wa wembe unaolala juu ya jiwe pamoja na makali. Mteremko ni ule ukanda mwembamba uliosuguliwa kila upande wa ubapa, na makali ni pale miteremko miwili inapokutana. Ncha ni mwisho wa mbele. Kisigino ni mwisho ulio karibu na mpini. Pito moja ni kwenda na kurudi, makali yakitangulia, ukigeuza wembe kwa mgongo wake. Ukiugeuza kwa upande wa makali utayaharibu kwenye jiwe.

Kabla ya kulaumu jiwe: wembe wa kupimia

Chagua wembe mnyoofu, usio na vishimo vya kutu karibu na makali, na ambao mgongo wake haujalika sana. Unoe kwa vinoo vya kisasa vyenye namba (namba ikipanda, chembe za jiwe ni ndogo zaidi): 1000 mpaka miteremko ikutane, kisha 3000 au 5000, kisha 8000. Hatua ya 1000 ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo chanzo kikubwa cha lawama zinazoangukia mawe mazuri. Kinoo cha kumalizia hulainisha makali yaliyokwisha kuwapo. Hakiwezi kuyaumba upya.

Kuhakikisha, paka miteremko wino wa maka peni, pitisha mara mbili kwenye 1000 bila kukandamiza, kisha tazama kwa lenzi ya kukuzia mara 30 au zaidi. Wino ukibaki kama uzi mwembamba ukingoni kabisa, makali hayajagusa jiwe. Kisha shika wembe chini ya taa, makali yakikuelekea wewe. Makali mazima hayaonekani. Penye nukta au mstari unaong'aa pana ubutu. Mwisho, wembe unyoe nywele za mkono kuanzia kisigino hadi ncha bila kuruka sehemu. Usipitishe kidole kando ya makali kupima ukali. Wembe wa kiwango hiki hukata nyama kabla hujahisi chochote.

Wembe huo ukiwa tayari, kuna kipimo kimoja chenye maelezo mengi kuliko vyote. Malizia kwenye 8000 kwa mapito ya mshazari yanayoelekea upande mmoja, ili mikwaruzo yote ya mteremko ilale kwa pembe moja. Hamia kwenye kinoo cha kale, ukipitisha kwa pembe nyingine. Kila baada ya mapito 10, futa na utazame kwa lenzi. Idadi ya mapito inayohitajika kufuta mikwaruzo ya zamani inakuambia kasi ya jiwe. Kina cha mikwaruzo mipya kinakuambia ulaini wake. Mikwaruzo mipya ikiwa mizito kuliko ya 8000, jiwe hilo si la kumalizia, hata kama limekaa ndani ya sanduku la kifahari.

Dalili: jiwe linateleza, chuma hakiliki

Sababu ya kwanza kwa wingi ni mafuta. Vinoo vilivyokaa muda mrefu kwenye masanduku ya zana vilimwagiwa mafuta ya mashine, hata vile ambavyo kwa asili ni vya maji. Mafuta hayo hukauka, yakawa gundi ya kahawia inayofunika chembe. Dondosha tone la maji usoni. Likisimama duara bila kutandaa, kuna mafuta. Ukitumbukiza jiwe kwenye maji ya uvuguvugu na utando wenye rangi nyingi ukaelea juu, shaka imekwisha.

Anza kwa kusugua kwa brashi ya nailoni na sabuni ya vyombo. Kisha loweka usiku kucha kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni hiyohiyo, ubadilishe maji kila asubuhi mpaka yabaki meupe. Siku 2 au 3 si ajabu. Mara nyingi uchafu umeingia kidogo tu, kwa hiyo kuondoa chini ya milimita moja kwa msasa hufikia jiwe safi. Viyeyushi vikali viache kwa mawe magumu ya kipande kimoja kama Arkansas, jiwe la asili kutoka Marekani, na uvitumie nje penye hewa, mbali na moto. Jiwe lililogundishwa tabaka mbili usilitie kwenye kiyeyushi, kwa sababu gundi itaachia. Usichemshe kinoo wala kukiweka kwenye oveni: maji au hewa iliyonaswa kati ya tabaka huweza kukipasua. Na ukitumia amonia kukata mafuta, isikutane kamwe na dawa yenye klorini. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Sababu ya pili ni uso uliong'arika. Chembe zimezibwa na chuma au zimesuguliwa mpaka zimekuwa butu. Inamisha jiwe kwenye mwanga uone mabaka ya kijivu yanayometa. Tiba inategemea aina ya jiwe, na hapa ndipo wengi huharibu. Kwa jiwe la manjano la Ubelgiji, yaani Coticule, au la Thuringia, Ujerumani, inatosha kusugua kwa maji na bamba la almasi la 400, mizunguko 10 hadi 20. Kwa kinoo kidogo cha kinyozi kilichotengenezwa kiwandani, kama vile vya Swaty au Carborundum, tumia msasa wa maji wa 1000 kisha 2000, kwa mkono mwepesi. Msasa wa 220 huacha mifereji itakayoonekana kwenye makali kwa muda mrefu, kwa kuwa vinoo hivyo ni vigumu na havijisafishi vyenyewe. Arkansas ngumu huhitaji unga wa kabidi ya silikoni juu ya kioo kinene, kuanzia namba 120 au 220 mpaka 600. Ikishatoka hapo huwa inakwaruza kuliko ilivyo kawaida yake. Isugue kwa kisu cha zamani au patasi bapa kwa dakika kadhaa kila upande, uso utulie, ndipo uguse wembe.

Tatu, huenda jiwe ni gumu na la polepole kwa maumbile yake, na si kasoro. Charnley Forest ya Leicestershire, Uingereza, na Arkansas ngumu inayopitisha mwanga huhitaji mapito 100 hadi 200 mepesi baada ya 8000. Anayetegemea mapito 20 ataliona jiwe limekufa. Akivumilia, makali ya mawe hayo huwa laini mno kwenye ngozi, na pengine hakuna kundi la vinoo linalotupwa kwa makosa zaidi ya hili.

Kwa mawe yanayotoa tope kuna kipimo cha kasi kisichohitaji lenzi. Sugua uso wa jiwe kwa maji na kijiwe chake kidogo cha kutolea tope mpaka upate tope zito kama maziwa, kisha pitisha wembe. Tope la Coticule huanza jeupe. Jiwe lenye kasi hulifanya kijivu ndani ya mapito 20 au 30, na baadaye jeusi, kwa sababu ya unga wa chuma. Likibaki jeupe baada ya mapito 50, ama jiwe ni la polepole ama wembe haulali sawasawa juu yake. Rudi kwenye maka peni kabla ya kuhukumu.

Dalili: wembe ni mkali, lakini unachoma ngozi

Hapa ndipo ustadi wa mnoaji na tabia ya jiwe vinapochanganyika, na sababu zake hufanana kwa nje. Zifuate kwa mpangilio huu.

Mkandamizo mwishoni ndio wa kwanza. Ukikandamiza, makali membamba hukunjamana na kutoa uzi wa chuma unaokatika shavuni. Uzi huo unaweza kunyoa mkono vizuri sana, ndiyo maana kipimo cha mkono hudanganya. Kuuondoa, shika wembe wima na uvute makali mara moja juu ya kona laini ya jiwe kwa uzito wa wembe wenyewe tu. Chini ya taa utaona mstari mwembamba unaong'aa. Rudi kwenye 8000 mpaka mstari upotee, halafu kwenye kinoo cha kale kwa mapito ambayo mkono unaongoza tu.

Sababu ya pili, ya kawaida sana kwa Coticule, ni kumalizia ndani ya tope. Chembe zinazokata jiwe hilo ni garneti, na zikielea kwenye tope huyagonga makali uso kwa uso na kuyafanya butu huku zikiendelea kula mteremko. Kwa hiyo tope zito lina kiwango cha ukali ambacho haliwezi kukivuka, hata upitishe mara 500. Tiba ni kulipunguza hatua kwa hatua: mapito 20, matone mawili ya maji, mapito 20, matone mawili, mpaka yabaki maji matupu. Suuza jiwe na wembe vizuri, kisha pitisha mara 30 hadi 60 kwa maji safi, ikiwezekana chini ya bomba linalotiririka pole. Ukiona tofauti kubwa baada ya hatua hiyo, jiwe lako ni zima na lilikuwa likitumiwa vibaya.

Ya tatu ni kuzidisha kwenye kinoo cha kinyozi. Hivyo vilitengenezwa kurejesha wembe uliopungua makali kidogo kati ya kazi na kazi, kwa mapito 5 hadi 10, kikiwa kikavu, chenye maji au povu la sabuni ya kunyolea. Mtu akipitisha 60 akitafuta ulaini zaidi, anapata makali yanayomeguka.

Ikiwa yote hayo yamerekebishwa na bado panachoma, jiwe ni la daraja la kati. Tabaka la buluu la Ubelgiji, kwa mfano, ni zuri kabla ya kumalizia, lakini wengi hawalioni likifikia ulaini wa lile la manjano juu yake. Arkansas laini, yaani isiyo ngumu, ni hivyohivyo. Jiwe hilo halina ubovu. Lipe nafasi kati ya 3000 na jiwe la mwisho, wala usilisawazishe upya mara tatu ukidhani litabadilika.

Na ngozi ikiwa inatoka damu au ina vipele vyenye usaha, acha kujaribu makali usoni. Subiri ipone, na kama hali inaendelea muone mhudumu wa afya. Wembe wowote wa mkono wa pili utiwe dawa ya kuua vijidudu kabla ya kugusa ngozi, kwa sababu ya magonjwa yanayoambukizwa kwa damu.

Dalili: mikwaruzo mirefu isiyoisha

Angalia kwanza mabaki ya msasa. Chembe za 220 zilizojikita kwenye jiwe laini hubaki hata baada ya kusuuzwa. Sugua uso kwa brashi chini ya maji yanayotiririka, kisha toa tope kidogo kwa kijiwe laini na ulimwage. Rudia mara 3. Pili, kagua kona. Kona kali humeguka na vipande vyake huviringika chini ya wembe, hivyo chonga kingo zote kwa pembe ya nyuzi 45 mpaka upana wa milimita 2 hivi. Tatu, kijiwe cha kutolea tope huenda ni kikwaruzo kuliko jiwe lenyewe. Hilo hutokea sana vijiwe vilivyotoka mahali tofauti vinapouzwa pamoja kama jozi.

Kasoro halisi ya jiwe ni punje ngumu au mshipa ndani yake. Pitisha ncha ya sindano polepole usoni, kukatisha kila mstari unaouona. Mstari wenye rangi tofauti lakini usiokwamisha sindano wala kubadilisha sauti yake hauna madhara. Coticule nyingi zina mistari myeusi ya namna hiyo na zinanoa vizuri kabisa. Sindano ikiruka au ikikwama, chora duara kwa penseli mahali hapo na upitishe wembe mara 5 juu yake peke yake. Mkwaruzo ukitokea sambamba na duara, umempata mkosaji. Punje moja iliyo ukingoni inaweza kuchimbwa kwa ncha ya chuma kigumu, ukaacha kishimo kisicho na madhara. Mshipa unaokatisha jiwe zima katikati hautibiki, na jiwe hilo lisilipiwe bei ya kinoo cha wembe.

Dalili: wembe unakata katikati tu, au ncha tu

Chora mistari ya penseli usoni, mlalo na wima, kila sentimita moja. Sugua jiwe juu ya bamba bapa lenye maji kwa mizunguko 10. Mistari iliyobaki katikati inaonyesha jiwe limebonyea. Iliyobaki pembezoni inaonyesha limevimba katikati. Vinoo vya kale hubonyea zaidi, kwa kuwa watu walisugua katikati kwa miaka.

Sawazisha kwenye kioo cha unene wa milimita 8 au zaidi kilichobandikwa msasa wa maji: 220 ikiwa bonde linazidi nusu milimita, kisha 400, 600 na 1000. Geuza jiwe mwelekeo kila mizunguko 20, la sivyo utaliacha limeinama upande mmoja. Kinoo cha kinyozi hakipelekwi kwenye 220, kama ilivyosemwa. Lebo au mhuri wa machimbo usiguswe: upande wenye alama uufanye wa chini, kwa kuwa kuufuta ni kufuta sehemu kubwa ya thamani ya jiwe.

Onyo. Kazi hii hufanywa ikiwa mbichi daima. Sileti, Arkansas na vinoo vingi vya asili vina silika, na vumbi lake kavu huleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba ya kuuponya. Usitumie mashine ya kusagia bila maji, na ufute tope kwa kitambaa kibichi kabla halijakauka. Jiwe lenye bonde la milimita kadhaa, au linalohitaji kukatwa vipande, lipeleke kwa fundi wa mawe mwenye msumeno wa maji.

Jiwe likiwa bapa na tatizo limebaki, wembe ndio uliopinda. Ulaze juu ya kioo uone kama unayumba. Mpindo mdogo hushindwa kwa mapito ya mshazari yanayoanzia kisigino na kuishia ncha. Mpindo mkubwa, pengo linalozidi milimita 1, au ufa wowote kwenye ubapa ni kazi ya mnoaji mzoefu wa nyembe. Wembe wenye ufa hautumiwi kunyolea hata siku moja.

Dalili: mstari mweusi usiokauka, au jiwe linatoa sauti iliyopasuka

Lowesha jiwe lote, lifute, kisha liache likauke. Uso ukikauka na mstari mmoja ukabaki na unyevu, huo ni ufa, hata kama jicho halikuuona. Ning'iniza jiwe kwa vidole viwili na uligonge kwa kucha au kijiti: jiwe zima hulia, lililopasuka hutoa sauti fupi iliyokufa. Mawe ya tabaka mbili hayalii vizuri hata yakiwa mazima, kwa hiyo usitegemee sauti peke yake.

Ufa unaoambatana na tabaka ubavuni ndio wa hatari zaidi. Vinoo vya asili vya Japani, kama vya machimbo ya Nakayama na Ozuku karibu na Kyoto, hunyonya maji kwa mbavu na kufunguka tabaka moja baada ya jingine. Vikaushe siku kadhaa kivulini, halafu paka mbavu na chini vanishi au laka, tabaka 3, uso wa kunolea ukiachwa wazi. Usiviloweke. Ufa mwembamba wa wima usiofika usoni unaweza kujazwa gundi nyepesi na jiwe likabandikwa kwenye ubao. Kucha ikikwama kwenye ufa ulio usoni, usipitishe wembe juu yake hata kwa majaribio.

Dalili: maji yanazama mara tu yanapomwagwa

Kinoo laini cha kumalizia kawaida hunywa maji kidogo sana. Tone likitoweka ndani ya sekunde chache, jiwe lina vitundu vingi na huenda ni la kunolea visu au zana za bustani. Isipokuwa moja: jiwe lililotoka tu kuoshwa mafuta na kukauka huweza kunywa kidogo mara ya kwanza, kisha likaacha.

Dalili: jina na jiwe havilingani

Hii ndiyo sehemu yenye fedha ndani yake. Coticule hutoka Ardennes, Ubelgiji, eneo la Vielsalm, na matabaka yake ya manjano ni membamba, ndiyo sababu huuzwa yakiwa yameshikana na sileti ya buluu au zambarau. Kwenye vipande vya kale vyenye muungano wa asili, mpaka kati ya rangi mbili huyumba na mara nyingine rangi moja huingia ndani ya nyingine. Mpaka ulionyooka kabisa, wenye mstari mwembamba mweusi au wa kahawia, ni wa gundi. Gundi si udanganyifu, kwa kuwa watengenezaji wenyewe waligundisha, ila bei ya muungano wa asili isilipwe kwa jiwe la gundi. Kuhakikisha kwamba manjano ni manjano ya kweli, toa tope: la Coticule ni jeupe kama maziwa, la sileti ya buluu ni la zambarau.

Kwa mawe ya Thuringia, Ujerumani, jina linalotafutwa ni J. G. Escher & Sohn wa Sonneberg. Rangi zake ni kati ya buluu iliyokoza, kijani kibichi hafifu na kijani-manjano, na soko huipa hiyo ya mwisho bei kubwa kupita zote. Kwa kunyoa, jiwe la buluu lililo safi linaweza kulipita la kijani-manjano lenye mishipa. Lipime kwa wembe, usilipime kwa jicho. Jiwe halisi la Thuringia ni laini kiasi kwamba sindano huacha mstari ubavuni kwa urahisi, na hutoa tope jepesi la rangi hafifu kwa kusuguliwa kidogo. Lebo ya karatasi huweza kubandikwa upya: ichunguze kama imechakaa pamoja na jiwe, au kama karatasi ya zamani imekaa juu ya uso uliosawazishwa jana. Lebo safi juu ya uchafu ni alama mbaya.

Arkansas hupimwa kwa uzito wa ujazo, na hiki ndicho kipimo kisichopendelea mtu. Pima jiwe kavu kwa mizani ya jikoni. Weka chombo cha maji juu ya mizani hiyo, uirudishe sifuri, kisha ning'iniza jiwe kwa uzi lizame lote bila kugusa chini wala mbavu. Gramu zinazosomeka ni sawa na ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Jiwe la gramu 410 linalosoma 160 lina 2.56, nalo ni katika yale magumu. Yanayozidi 2.5 ndiyo ya kufikiriwa kwa wembe. Yaliyo chini sana ya hapo si magumu, ni ya visu. Fanya haraka kabla jiwe halijanywa maji, na lioshe mafuta kwanza, kwa kuwa mafuta yaliyojaa vitunduni hupotosha hesabu.

Ukishindwa kulitambua jiwe baada ya vipimo hivi, na muuzaji anadai bei ya jina kubwa, usilikwangue zaidi kutafuta uhakika. Mpelekee mtu anayekusanya na kutumia aina hiyo likiwa kama lilivyo, pamoja na sanduku na karatasi zake. Jiwe lililosawazishwa pande zote halina ushahidi tena.

Hukumu ya mwisho: nusu uso kwa nusu uso

Malizia wembe wa kupimia kwenye 8000, mapito 50 kwenye mkanda wa ngozi, nyoa shavu moja. Osha, kausha, kisha peleka wembe huohuo kwenye kinoo cha kale kwa idadi ya mapito iliyofuta mikwaruzo ya 8000 katika kipimo cha lenzi, uongeze nusu yake. Mkanda mara 50 tena, nyoa shavu la pili kwa sabuni ileile na mwelekeo uleule wa nywele. Sikiliza ngozi baada ya kuosha kwa maji baridi, na tena baada ya saa moja, kwa maana makali yanayochoma hujificha nyuma ya povu. Rudia siku nyingine ukibadilisha mashavu, kwa kuwa upande unaonyolewa kwa mkono usiozoea hunyolewa vibaya zaidi siku zote. Shavu la kinoo cha kale likitulia kuliko la 8000 mara zote mbili, jiwe hilo ni la kumalizia. Yakifanana, lina ubora wa 8000, na bei yake ilinganishwe na kinoo kipya cha namba hiyo.